Sikukuu Zote kwa Wifi

Mwaka ule Mama alihamia kwa mdogo wangu, na sikukuu zote zikahamia huko pamoja naye. Hakuna aliyeitisha kikao cha kuamua hilo. Mimi ndiye mkubwa, na tangu Baba afariki sikukuu tulikuwa tunazila kwangu, ghorofani, juu ya duka langu la kushonea. Lakini magoti ya Mama yaligoma kupanda ngazi, na nyumba ya mdogo wangu haina ngazi hata moja. Basi, ngazi zikaninyang'anya mama.

Mdogo wangu tunamwita Mkia, kwa sababu utotoni alinifuata kila nilikokwenda, hata chooni alinisubiri mlangoni. Anauza rangi za nyumba na kucha zake hazijawahi kutakata. Mke wake, wifi yangu, anauza viatu katika duka moja la mjini. Ni mwanamke wa sauti ya chini, mwepesi wa kucheka, na alipoolewa nilimpenda. Mimi ndiye niliyemfundisha kupiga pindo kwa mkono, tumekaa kitandani kwangu, yeye akijichoma sindano na kuapa kwamba hatashona tena maishani. Nasema hivi ili ieleweke kuwa wivu wangu haukuanza siku alipoingia katika familia. Ulianza Mama alipokwenda kulala kwake.

Kwetu sikukuu ilikuwa nguo kwanza, chakula baadaye. Tulipokuwa wadogo Mama alikuwa na cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Siku ya kuamkia sikukuu yeye alizungusha mpini, mimi nikashika kitambaa kisiende upande. Baba alikuwa akipita anatuuliza, "Nyinyi wawili mnashona au mnaiombea cherehani?" maana Mama hakuanza mshono bila kunong'ona sala. Mkia alilala chini ya meza juu ya vipande vilivyobaki. Asubuhi tulitoka sote na nguo mpya, na mimi nilijua siri ya kila mshono. Ufundi wangu ulitoka pale. Kusali kwangu pia kulitoka pale, na mpaka leo sikanyagi cherehani kabla sijasema neno na Mungu.

Ndiyo maana kila sikukuu inayokuja namshonea Mama gauni jipya. Wateja wengine nawazungushia tepu. Mama nilikuwa namkatia kitambaa kwa kumkumbuka tu. Gauni likiwa tayari, Mkia hulipitia dukani akirudi kazini, na Mama hulivaa siku yenyewe. Nikifika kumsalimu, mimi huangalia gauni kwanza, halafu mtu. Ndivyo macho ya fundi yalivyo. Bega limekaa, kiuno kimekaa, basi Mama yuko sawa.

Sikukuu ya mwaka mpya tuliila kwa Mkia. Nilikwenda na mume wangu, ambaye ni fundi saa na hajawahi kuchelewa popote, pamoja na binti yetu, aliyekimbilia watoto wa Mkia. Mama alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amevaa gauni langu la kijani. Lilikuwa limemkaa vizuri mno. Nikainama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa."

"Ni hii nguo tu, Mama."

"Nguo umeishona mwenyewe, usiisingizie."

Watu wakacheka na mimi nikacheka. Kisha Mama akageukia jikoni akaita, "Mwanangu, miwani yangu iko wapi?" Nikainuka haraka, kumbe hakuniita mimi. Wifi alikuja akijifuta mikono, akaitoa miwani kwenye mfuko wa gauni la Mama, mfuko nilioushona mimi, akamvalisha. Hakuna mtu aliyeona kitu. Mimi niliona. Neno langu, mwanangu, lilikuwa limepata mtu mwingine wa kuliitikia.

Siku hiyo sikula vizuri. Nilimtazama wifi akimkatia Mama nyama vipande vidogo, nikasema moyoni, anajionyesha. Nilitazama mapazia yake, nikaona pindo moja limefumuka, nikafarijika.

Sikukuu ya katikati ya mwaka ilikuja na jua kali, hata mbwa walikuwa wamejibanza kivulini. Mama alikuwa amevaa sweta zito juu ya gauni langu jipya.

"Mama, sweta la nini na joto hili?"

"Nasikia baridi."

"Baridi gani? Livue watu waone gauni."

"Gauni nimeshaliona mimi, yatosha," akasema. Wifi akamfunga kifungo cha juu bila kuulizwa.

Sweta lilikuwa la wifi. Kwa hiyo nilielewa mambo kwa namna yangu: amemfunika mama yangu kwa nguo yake ili yangu isionekane. Chakula kilipoletwa, Mama alimega kidogo, akasukuma sahani. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani mapishi ya wifi hayampendezi. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Mama hupenda mchuzi usiwe na mafuta mengi." Wifi akajibu, "Sawa, dada," akainamisha macho. Baadaye yeye na Mama waliingia chumbani wakafunga mlango, na nikasikia wananong'ona. Nilikaa sebuleni na albamu ya picha mapajani, nikifunua kurasa bila kuona sura ya mtu.

Njiani mume wangu aliniuliza, "Umeumwa na nini?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu, na umefunga mlango wa gari kama unamfungia mwizi."

Usidhani sikuomba. Niliomba sana. Kila asubuhi nilipiga magoti kando ya meza ya kukatia vitambaa na kumwambia Mungu aniondolee kijicho. Lakini sala ilianza vizuri na kuishia vibaya. Nilianza kwa kushukuru, mara nikajikuta naeleza habari za wifi: amemnunulia Mama viatu laini vya dukani kwao, amemfundisha binti yangu wimbo ambao hata mimi siujui, ameniambia kwenye simu eti "Mama amelala, nipe mimi ujumbe." Mume wangu alinisikia siku moja akiwa anavaa shati.

"Samahani kukuingilia," akasema, "lakini huyo Mungu unamwomba au unampelekea mashtaka?"

"Nyamaza, nasali."

"Sali, sali. Nauliza tu ili nijue kama tunahitaji wakili."

Ikaja sikukuu ya taifa, nayo tukaila kule kule. Gauni la zambarau. Lilimkaa kama nimemshonea akiwa amesimama mbele yangu, na sweta likawa juu yake kama kawaida. Nilipoinuka kuaga, nilimshika Mama mkono nikamwambia mbele ya watu wote, "Sikukuu ya mwisho wa mwaka ni zamu yangu. Mama atakuja kwangu. Ngazi si kitu, tutambeba na kiti chake."

Mkia akamtazama mke wake. Mke wake akamtazama Mama. Niliona jinsi macho yalivyopita, yakanizunguka mimi kama watu wanaozunguka dimbwi.

"Mungu akipenda," alisema Mama.

Nilishika hilo neno kama ahadi. Kwa wiki nyingi nilifanya kazi nikiimba. Nilichukua rangi kwa Mkia nikapaka chumba cha nyuma, nikanunua godoro jipya, nikaweka taa ndogo kando ya kitanda ili Mama asihangaike kutafuta swichi. Nilishona gauni la rangi ya maziwa lenye mikono mirefu. Nilijiona tayari: Mama ataamka kwangu siku ya sikukuu, ataniita mimi, "Mwanangu, miwani yangu iko wapi?" na mimi nitajua ilipo. Sikuomba zaidi ya hapo. Nilitaka sikukuu moja tu.

Siku ya kuamkia sikukuu nilikwenda kumchukua. Wifi alikuwa jikoni anaosha vyombo, Mkia yuko nje anafuta gari. Mama alikuwa amejilaza chumbani.

"Mwache apumzike kidogo, dada," alisema wifi. "Hajalala vizuri."

"Atapumzika kwangu. Nguo zake ziko wapi nizipange?"

"Nitazipanga mimi."

"Nguo nilizoshona mimi, utanipangia wewe?"

Alinielekeza kabati la ukumbini. Nikatoa magauni yangu moja moja, nikayageuza ndani nje kabla ya kuyakunja, maana ndivyo fundi anavyokunja nguo ili uso wake usichubuke. La kijani lilikuwa kama nilivyoliacha. La katikati ya mwaka nilipoligeuza, mkono wangu ukasita. Kando ya mshono wangu wa cherehani kulikuwa na mshono mwingine wa mkono, umebana kitambaa kwa ndani, kuanzia kwapani hadi kiunoni, pande zote mbili. Nikachukua la zambarau. Nalo lilikuwa hivyo hivyo, ila lilikuwa limebanwa zaidi, na mabega yalikuwa yamefumuliwa na kurudishwa. Ilikuwa kazi ya mtu mvumilivu asiye fundi. Hatua zake za sindano zilikuwa fupi, na mwisho wa kila uzi alifunga fundo mara mbili, jinsi nilivyomfundisha pale kitandani kwangu.

Damu ilinipanda kichwani. Niliingia jikoni na gauni mkononi.

"Nani amegusa gauni langu?"

Wifi alizima bomba. "Ni gauni la Mama, dada."

"Nakuuliza nani amelifumua! Mwaka mzima unaitia mkono kazi yangu, halafu watu wanasema limemkaa vizuri na mimi nachekelea kama mjinga. Umemchukua Mama, umechukua sikukuu, sasa unanichukulia na ufundi?"

"Sikutaka kuchukua kitu."

"Ungetaka ingekuwaje?"

Mkia aliingia na kitambaa cha kufutia gari, kinachuruzika maji. "Jamani, sauti. Mama anasikia."

"Asikie! Mwambie mkeo anieleze alikuwa anatafuta nini ndani ya mishono yangu."

Wifi alikausha mikono polepole, kidole kimoja kimoja. Sauti yake haikupanda. "Nililipunguza kwa sababu lilimpwaya. Ulimshonea mama wa mwaka jana."

Sikuelewa mara moja. Nililitazama gauni, nikaweka vidole pale mshono wangu ulipokuwa na pale wa kwake ulipo. Kati yao kulikuwa na kitambaa cha kutosha kushona blauzi ya mtoto. Nikaanza kukumbuka sweta, sahani iliyosukumwa, na mlango uliofungwa.

"Anaumwa nini?" niliuliza. Jibu lilitoka kwa Mkia. Alisema ni uvimbe tumboni, kwamba walikwenda hospitali baada ya mwaka mpya, na daktari aliwaambia kwa umri wake hatapasuliwa. Kuna dawa za maumivu. Alisema yote haya huku akikikamua kile kitambaa sakafuni bila kujua.

"Na mimi ni nani katika nyumba hii? Mpita njia?"

"Mama alitukataza," akasema. "Alisema ukijua, sikukuu zote utazifanya matanga. Alitaka mwaka mmoja wa kawaida."

"Mwaka wa kawaida! Nyinyi wawili mmeubeba wa kweli pamoja naye, mimi nimeletewa wa kuchezea!" Nikamgeukia wifi. "Wewe usingeweza kuniita pembeni, ukaninong'oneza?"

Hapo ndipo macho yake yalipolowa. "Lini, dada? Ukija unakagua sufuria zangu, unakagua mapazia, unatema neno, unaondoka. Ningekuita pembeni ipi? Mara nyingi nimelia bafuni nikimwosha, natamani uwepo. Halafu unafika na uso huo."

Nataka kusema kwamba nilimwonea huruma. Huruma ilikuja baadaye. Pale jikoni nilisikia neno moja tu: nikimwosha. Alikuwa amemwosha. Mwili niliojivunia kuujua kwa kumbukumbu, yeye alikuwa ameujua kwa mikono, mwaka mzima, unavyopungua. Nilimwonea wivu hata kwenye huzuni.

"Msigombane kwa ajili ya nguo," sauti ya Mama ilitoka chumbani.

Niliingia. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda bila sweta, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nilimtazama mtu kabla ya gauni. Mabega yalikuwa yametoka kama ncha za hanga ya nguo. Nilijitahidi kutotazama kifuani na kiunoni, nikashindwa.

"Usinitazame kwa macho ya kazini," alisema.

"Mama, kwa nini?"

"Kwa sababu ukinitazama unajua. Watu wengine nawadanganya. Wewe ningekudanganya vipi bila nguo kunitosha? Nikamwomba mwenzio anisaidie."

Nilipiga magoti, nikaweka kichwa mapajani pake, na mapaja yalikuwa membamba. Nikamwambia chumba kiko tayari. Nikamwambia kuhusu godoro na taa. Nikasema Mkia na mume wangu watambeba na kiti mpaka juu, hatagusa ngazi.

Alinipapasa shingoni. "Sikukuu hii niache niile hapa."

"Uliniahidi."

"Nilisema Mungu akipenda. Sikiliza, mwanangu. Maumivu yakinishika, mikono yake inajua pa kunishika bila kuniuliza. Sina nguvu ya kumfundisha mtu mwingine."

"Hata mimi nina mikono, Mama."

"Unayo. Nishonee gauni linalonitosha, la kesho. Nimechoka kuvaa yaliyobanwa, yananikwaruza mbavuni."

Nikatoa tepu mfukoni. Akaufunika mkono wangu na wake.

"Wewe hapana. Mpe mwenzio anipime wakati wa kuoga. Ukinipima wewe utalia, na mimi nitalia, na tutaiharibu sikukuu ya watoto."

Kwa hiyo nilisimama nje ya mlango wa bafu la mdogo wangu, na taulo begani kama mtumishi, nikisikiliza maji yanamwagika. Nilisikia Mama akicheka kitu alichosema wifi. Kisha maji yakanyamaza, na sauti ya wifi ikaanza kunitajia vipimo kupitia mlangoni. Bega. Kifua.

"Sijasikia," nilisema. "Rudia kifua."

Akarudia. Nilikuwa nimesikia mara ya kwanza.

Alipotoka kuchukua taulo, mikono yake ilikuwa imelowa mpaka juu ya viwiko, na mvuke wa sabuni ulikuwa unampanda usoni. Alinitazama kama mtu anayesubiri kupigwa. Nikampa taulo. Nilimpigia simu mume wangu na kumwambia alete cherehani ndogo, kile kitambaa cha rangi ya maziwa kilichobaki, na sufuria zote.

"Sufuria zote? Tunahama?" aliuliza.

"Ndiyo. Sikukuu naileta huku."

Lazima aliisikia sauti yangu, kwa sababu hakutania tena. "Nakuja sasa hivi," akasema.

Nilishona mezani kwa wifi mchana ule, kati ya bakuli za vitunguu na watoto wanaopuliza maputo. Kabla ya kukanyaga cherehani nilifumba macho nizungumze na Mungu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sikuwa na mashtaka ya kupeleka. Sikuwa na la kusema kabisa. Nikashona bila sala. Wifi alikaa upande wa pili kunipigia pindo, na alipojichoma sindano alisema, "Naapa sitashona tena." Nilicheka kabla sijakumbuka kuwa nina hasira naye.

Siku ya sikukuu Mama alitoka chumbani na gauni jipya, bila sweta. Mkia alimsogezea kiti. Watoto walimpigia makofi, naye akajizungusha nusu mzunguko akiwa ameshika ukuta. Tulipokaa, akataka mimi nikae kushoto kwake na wifi kulia, halafu akatushika mikono.

"Dada, tuombee," alisema Mkia.

Nikaanza. Nilimshukuru Mungu kwa mwaka, kwa chakula, kwa Baba aliyetangulia, kwa watoto na shule zao. Nilimtaja Mama, nikaendelea. Nilipofika kwa wifi, nilifumbua jicho moja. Mkono wa Mama ulikuwa umelala ndani ya wangu, mwepesi. Ule mwingine ulikuwa umeshika mkono wa wifi, na niliona vifundo vya vidole vimekaza, au nilidhani hivyo. Watu walikuwa wananingoja, mchuzi unapoa.

Nikafumba jicho. Nikamtaja wifi mbele za Mungu, nikamwombea mikono yake isichoke, na usingizi, na moyo wa kunivumilia. Nilimwombea kweli, si kwa midomo tu. Na hata nilipokuwa naomba nilikuwa nikibana mkono wa Mama kidogo kidogo, nione kama na wangu ataukaza.